Mama hana presha wala sukari

Kijana aliyekuwa akijaza kadi kwenye kituo cha meno cha mtaani aliuliza swali moja: "Mama, una presha au sukari?" Mama akamjibu, "Hapana mwanangu, sina." Alisema kweli. Presha hana, na sukari kila akipimwa iko sawa. Kijana akaandika, akatuonyesha benchi, na haikupita nusu saa gego la chini upande wa kulia likawa limeshang'olewa.

Mimi nilikuwa nimekaa pembeni yake. Nilijua kwamba mama ana vali ya kutengenezwa kwenye moyo, aliyowekewa mwaka 2016, na kwamba kila siku saa mbili usiku anameza kidonge cha pinki ili damu isigande kwenye ile vali. Nilijua yote hayo na nikanyamaza. Kichwani mwangu jino lilikuwa jambo la mdomoni, na moyo ulikuwa jambo la Muhimbili, kule tunakokwenda kliniki. Sikuona vinapokutana.

Tulitoka pale na bahasha tatu za khaki zilizoandikwa kwa kalamu ya wino: amoksilini 1×3, metronidazo 2×3, diklofenaki 1×2. Aliyetupa dawa alikuwa na foleni ndefu nyuma yetu, akatusomea haraka haraka. Tukapanda bajaji tukarudi nyumbani, mama ameuma pamba, na mimi nikihesabu jambo limekwisha.

Siku tatu za mwanzo zilipita vizuri. Mama hakuweza kutafuna, kwa hiyo alikunywa uji wa mchele asubuhi, mtori kidogo mchana, na jioni uji tena. Matembele na mchicha, ambavyo kwa kawaida havikosi kwenye sahani yake, hakuvigusa. Siku ya nne niliona mswaki wake una damu zaidi ya kawaida. Kwenye mkono palikuwa pamevilia damu, doa la zambarau ukubwa wa sarafu ya mia mbili, na hakukumbuka kujigonga popote. Nikamwambia labda amelalia mkono.

Usiku wa siku ya tano, kama saa nane hivi, aliniita. Hakupiga kelele, aliita jina langu tu. Nilipowasha taa niliona mto umeloa, na kanga aliyojifunika imeloa upande mmoja. Kwenye shimo la jino palikuwa na bonge la damu, laini kama ini, linatikisika akipumua, na pembeni yake damu inachuruzika polepole bila kukata. Nilimpa maji asukutue. Hilo lilikuwa kosa la kwanza, kwa sababu maji yaliondoa kila kilichokuwa kinajaribu kuganda. Nikakunja kitambaa safi nikamwambia aume, lakini kila baada ya dakika moja nilikuwa nakiinua kutazama kama damu imekata. Hilo likawa la pili. Baadaye nilifundishwa kwamba kitambaa kinaumwa kwa nguvu dakika 20 hadi 30 bila kukiinua hata mara moja, mgonjwa amekaa wima, na mate yanaachwa yatoke yenyewe bila kutemwa kwa nguvu.

Vali ya mama ina sauti. Mchana huisikii, lakini usiku nyumba ikitulia unaisikia, tik, tik, tik, kama saa ya mkononi iliyowekwa chini ya nguo. Usiku ule, wakati tunasubiri gari, niliisikia ikienda haraka kuliko nilivyowahi kuisikia.

Hospitali tulipokelewa na daktari wa zamu, dada mmoja mtulivu. Akaangalia kinywa, akauliza: "Anatumia dawa gani?" Nikamtajia zile tatu za kwenye bahasha. Mama akatoa kitambaa mdomoni akasema, "Na ile ya moyo." Daktari akaacha kuandika. "Ya moyo ipi, mama?" Mama akasema, "Ya pinki." Mimi, mwanawe, niliyekuwa nikimnunulia dawa hiyo kila mwezi, sikuweza kukumbuka jina lake pale pale. Daktari akaniambia maneno ambayo nayakumbuka mpaka leo: "Dada, nataka kila anachomeza. Cha hospitali, cha dukani, cha mitishamba. Kila kitu."

Nikampigia mdogo wangu simu, akaja na bodaboda amebeba kopo la mama. Ni kopo la bati la biskuti, kifuniko kimepinda, ndilo lililo kabati lake la dawa tangu tukiwa wadogo. Daktari akalimwaga juu ya kitanda. Ilikuwamo wafarini, hiyo ya pinki. Ikawamo ya kupunguza maji mwilini na ya mapigo ya moyo. Zikawamo zile bahasha tatu. Halafu vikatoka vitu ambavyo hata mimi sikuvijua: nusu karatasi ya diklofenaki iliyobaki tangu mjomba aumwe mgongo, vidonge vya rangi mbili visivyo na jina, na chupa ndogo ya kitunguu saumu na tangawizi vilivyosagwa, ambavyo shoga yake alimwambia vinasafisha damu na yeye alikuwa akilamba kijiko kila asubuhi.

Kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachelewa kiasi gani kuganda, kilitoka 7.4. Kwa asiyetumia dawa ya kuzuia damu kuganda, kipimo hicho huwa karibu na 1. Kwa mama, kwa aina ya vali aliyo nayo, wanataka kiwe kati ya 2.5 na 3.5. Ilipofika 7.4, damu yake ilikuwa imefika mahali ambapo kidonda chochote kingeweza kuvuja, hata ambacho hatukioni, tumboni au kichwani.

Mfamasia wa wodi ndiye aliyenikalisha kitako akanieleza. Wafarini huvunjwavunjwa na ini kisha hutoka mwilini. Metronidazo, ile ambayo wengi tunaiita Flagyl, inapunguza kasi ya ini kufanya kazi hiyo, kwa hiyo wafarini ya jana haijatoka na ya leo inaingia juu yake. Haionekani siku ya kwanza. Inajikusanya, na siku ya tatu, ya nne, ya tano ndipo inapojitokeza. Diklofenaki nayo inazifanya chembe za damu zinazoziba kidonda zisishikane vizuri, na inakwaruza tumbo. Na yale matembele na mchicha yana vitamini K, ambayo mwili huitumia kugandisha damu. Mama alipoacha kula mboga siku tano akimeza wafarini ile ile, ni kama dozi iliongezwa bila mtu kuiongeza. Akaniambia pia kwamba wafarini iliuzwa kwanza Marekani mwaka 1948 kama sumu ya panya, na mwaka 1954 ndipo ilipoidhinishwa kwa binadamu. Sikuogopa niliposikia hivyo. Niliielewa tu kwamba hii ni dawa ambayo kipimo chake hakichezewi.

Nikamuuliza swali lililonijia lenyewe: kwa nini basi mama asingeiacha tu hiyo wafarini wiki moja kabla ya jino? Akatikisa kichwa. Vali ya kutengenezwa ikikosa ulinzi, damu inaweza kuganda juu yake, na bonge likikatika likaenda kwenye ubongo, ni kiharusi. Jino likivuja damu unaweza kuliona ukalibana. Bonge la kwenye vali hulioni. Ndiyo maana hata pale wodini, na INR ile ya 7.4, walimsimamishia wafarini siku mbili tu, wakampa vitamini K kidogo kwa mdomo, wakamshona shimo la jino, wakampa dawa ya kusukutua inayozuia bonge la damu lisiyeyuke, na wakampima damu kila siku. Tulikaa siku nne. Alhamdulillahi, tulirudi naye nyumbani.

Sina nia ya kumlaumu yule kijana wa kadi. Aliuliza alichofundishwa kuuliza, au alichozoea. Ninachosema ni kwamba siku hiyo kliniki ya moyo haikujua habari za jino, kituo cha meno hakikujua habari za moyo, na muuza duka aliyeuza ile diklofenaki ya mjomba hakujua lolote. Aliyekuwa anajua vyote ni mama, na mimi niliyekaa pembeni yake. Tusipozungumza sisi, hakuna mwingine anayeweza kuviweka pamoja.

Kuna jambo jingine nililoligundua wodini, na hili ni la lugha yetu. Nilipomuuliza mama alikuwa akimezaje zile dawa za mara tatu, alisema: saa moja asubuhi, saa saba mchana, na saa kumi na mbili jioni kabla ya magharibi. Kwa nini kabla ya magharibi? "Si wamesema kutwa mara tatu?" Mama ni mzaliwa wa Pangani. Kwake kutwa ni kutwa, tangu jua kuchomoza mpaka kuzama, na usiku ni kucha. Alilitii neno lilivyo. Matokeo yake dozi zote tatu ziliingia ndani ya saa kumi na moja, kisha mwili ukakaa saa kumi na tatu bila dawa. Mfamasia alichukua kalamu akaandika upya kwenye bahasha: saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana, saa nne usiku. Tangu siku hiyo, kila ninapopewa dawa, naomba saa ziandikwe. Hakuna aliyewahi kunikatalia.

Miezi minane baadaye jino la pili likaanza, upande wa kushoto. Mama aliogopa. Alikaa wiki mbili akiweka pamba yenye mafuta ya karafuu bila kuniambia, mpaka ufizi ukaungua na kuwa mweupe. Karafuu hutuliza jino kweli, lakini mafuta yake yakikaa kwenye nyama yanaichoma, na panapochomeka panakuwa kidonda juu ya kidonda. (Wapo wanaosaga aspirini wakaiweka kwenye ufizi. Nayo inachoma vile vile, na kwa mtu wa wafarini ni hatari mara mbili.)

Safari hii nilianzia kliniki ya moyo. Nikaomba barua, nikapewa: aina ya vali, dozi ya wafarini, INR tatu za mwisho. Tukaenda nayo kwa daktari wa kinywa wa hospitali kubwa, na kabla hajatuuliza lolote niliweka kopo mezani. Alilipokea kwa mikono miwili. Akatoa kimoja kimoja, akasoma, akaandika. Kisha akauliza maswali ambayo natamani kila mtu aulizwe: umewahi kuvimba au kuwashwa baada ya penesilini? Unatumia dawa yoyote ya kuzuia damu kuganda, hata aspirini ndogo? Umewahi kuchomwa sindano za kuimarisha mifupa, au za saratani iliyoingia kwenye mifupa? Hilo la mwisho lilinishangaza. Akanieleza kwamba baadhi ya dawa hizo hufanya mfupa wa taya ushindwe kupona jino likishang'olewa, na kwamba zinaweza kukaa mwilini miaka mingi baada ya mtu kuziacha.

Penesilini mama anaijua vizuri. Moyo wake uliharibiwa na homa ya baridi yabisi, iliyoanza na maumivu ya koo ya utotoni yasiyotibiwa, na alichomwa sindano ya penesilini kila mwezi kwa miaka. Haikumdhuru. Kwa hiyo daktari akamwandikia amoksilini gramu 2, yaani vidonge vinne vya miligramu 500, avimeze vyote kwa pamoja saa moja kabla ya kung'olewa. Mama akadhani amesikia vibaya, akauliza mara mbili. Jino likitoka, wadudu wa kinywani huingia kwenye damu kwa muda mfupi, na kwa mwenye vali ya kutengenezwa wanaweza kujishikiza pale. Dozi ile moja kubwa ndiyo kinga. Baada yake hakupewa dawa nyingine ya kuua bakteria, kwa sababu hapakuwa na usaha wala uvimbe wa kutibu.

Wafarini haikusimamishwa hata siku moja. Jirani yetu mmoja alishikilia kwamba lazima aiache wiki nzima, kwa vile mumewe aliambiwa hivyo miaka ya nyuma. Nilimsikiliza kwa heshima, maana ananitakia mema, lakini nilifuata barua. Siku moja kabla tukapima INR: 2.9. Daktari alisema ikiwa chini ya 4 na kazi ni ya jino moja au mawili, wanaweza kuendelea. Akatupangia Jumanne asubuhi, akasema hafanyi hivyo Ijumaa jioni kwa mtu wa wafarini, kwa sababu damu ikianza usiku anataka kesho yake awepo.

Mama alikuwa amepanga kwenda amefunga. Alisikia neno "operesheni" akakumbuka ya moyo, ambako alikatazwa hata maji. Nikampigia daktari simu mbele yake. Jibu: kwa ganzi ya sindano, ale kifungua kinywa vizuri na anywe dawa zake za kila siku kama kawaida. Kukaa na njaa ni kwa nusu kaputi, ambako kwa kawaida chakula hukatwa saa sita kabla na maji matupu saa mbili kabla, na hata hapo mtu anauliza ni dawa gani za asubuhi ameze kwa funda la maji na zipi aache. Kosa hili lilimpata shemeji yangu mwenye kisukari. Alimeza dawa yake ya sukari asubuhi, akaenda kung'oa jino bila kula, akarudi na ganzi mdomoni asiweze kutafuna. Saa nane mchana walimkuta anatetemeka, jasho linamtiririka, anaongea yasiyoeleweka. Sukari ilikuwa imeshuka. Juisi ya miwa ndiyo iliyomwinua.

Jino la pili la mama lilitoka kwa utulivu. Daktari akaweka kipande cha wavu unaoyeyuka ndani ya shimo, akashona nyuzi mbili, akampa gozi aume, akaangalia saa ya ukutani na hakumwachia mpaka dakika 30 zilipotimia. Maumivu: parasetamoli peke yake, vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa sita, cha kwanza kabla ganzi haijaisha. Kamwe visizidi vidonge nane kwa saa 24, na baada ya siku chache aache. Asisukutue kabisa siku ya kwanza. Kesho yake, nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu, kwa upole, baada ya kula. Ule unga wa kitunguu saumu ukae pembeni. Na mboga za majani ziendelee kuliwa kwa kiasi kile kile cha siku zote, zikipondwa ziwe laini kama chakula cha mtoto. Nilimpondea mchicha na viazi siku nne. Siku ya sita tukapima INR tena, ikawa 3.1.

Mwaka jana zamu ikawa yangu, gego la mwisho la chini lililolala upande. Sina ugonjwa wowote, na hapo nikaona jinsi mtu mzima wa afya anavyoweza kujiumiza bila kujua. Niliandikiwa ibuprofeni na parasetamoli. Usiku wa pili maumivu yakapanda mpaka sikioni, na mume wangu, kwa huruma, akaenda duka la dawa akarudi na diklopa. Nilikaribia kuimeza. Nikageuza karatasi nikasoma: ndani ya kidonge kimoja mna diklofenaki na parasetamoli. Diklofenaki na ibuprofeni ni ndugu wa damu, kuzimeza pamoja ni kuongeza madhara ya tumbo na figo bila kuongeza nafuu ya maana. Na parasetamoli ningekuwa ninaihesabu mara moja huku nimeimeza mara mbili. Nikairudisha kwenye mfuko, nikasubiri saa yangu ifike, nikameza niliyoandikiwa na uji mzito. Asubuhi nilimpigia daktari, akanibadilishia mpangilio wa saa, na maumivu yakashuka siku ile ile.

Kopo la mama bado lipo. Vile vidonge visivyo na jina na ile diklofenaki ya mjomba tulivipeleka famasi ya hospitali wakavipokea kwa kuteketezwa. Ndani ya kifuniko nimebandika karatasi yenye majina ya dawa zake, miligramu, saa za kumeza, na namba ya kliniki. Mstari wa juu kabisa ameuandika mama mwenyewe, kwa herufi kubwa za mtu aliyejifunza kuandika chuoni: NINA VALI YA MOYO. NATUMIA WAFARINI.

Wiki mbili zilizopita gego la juu nalo likaanza kucheza. Tulipofika, nesi wa mapokezi alifungua kadi akauliza, "Shikamoo mama. Una presha au sukari?" Mama akaitikia marahaba, akaweka mkoba mapajani, akatoa kopo, akalifungua kifuniko na kumgeuzia asome.

Jumatatu tunapima INR. Jumanne saa tatu asubuhi ndiyo zamu yake, na vidonge vinne vya amoksilini nimeshavifunga kwenye karatasi, imeandikwa saa mbili.